Mule Iko Bule

Pembe haiozi. Majirani zetu pale cité, mtaa wa watu weusi, walisadiki kwamba tulikuwa tukiozesha vitu nyuma ya nyumba, na mke wa fundi cherehani wa upande wa kushoto alimsimulia kila mgeni wake habari hiyo kabla hata ya kumpa kiti. Kinachonuka si pembe, ni mfupa ulio ndani yake na damu iliyoganda katikati. Ukichemsha kutwa nzima katika nusu pipa, harufu inaingia kwenye nywele, kwenye godoro, kwenye unga. Miaka tisa nilikula bukari, ugali wetu, yenye harufu hiyo, na leo nikiambiwa niile tena ili mambo yarudi nyuma, nitaila hata bila mboga.

Mume wangu alikuwa fundi wa pembe za baruti. Vijana wa leo hawazijui, kwa hiyo nieleze. Wakati wa Wabelgiji, mtu mweusi aliyepata kibali cha bunduki hakupewa ile ya mzungu. Alipewa ya kushindilia: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unasukuma kitambaa, unasukuma chuma, halafu unamwomba Mungu. Baruti hiyo lazima ikae pakavu. Kopo la chuma linashika kutu na linaweza kutoa cheche, kibuyu kinapasuka, mfuko unanyonya umande. Pembe haina tabia hizo. Ndiyo maana wawindaji wa pori la Kambove, na hata wa mbali zaidi, kaskazini kwetu, walipokuja Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuuza nyama kavu, walipita nyumbani kwetu kabla ya kurudi.

Kazi hiyo mume wangu alifundishwa na mjomba wake kijijini, kabla hajaja mjini kufanya kazi ya reli. Reli ilimvunja nyonga, wakamwachisha, akabaki anachechemea na mikono mizima. Akarudia kile ambacho mikono ilikikumbuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kununa akikosea na kununa zaidi mwingine akimwonyesha kosa. Nilimpenda hivyo hivyo, kununa na yote.

Tuligawana kazi bila kupangiana. Pembe za ng'ombe nilizifuata mimi machinjioni; za mbogo zililetwa na wawindaji wenyewe. Kuchemsha ilikuwa kazi yangu. Kung'oa mfupa ilikuwa kazi yake: anaishika pembe kwa gunia, anaigonga juu ya gogo, na mfupa unateleza nje mzimamzima. Kuziosha nilikwenda mto Naviundu, maana ningeziosha bombani mke wa fundi cherehani angekwenda kushitaki. Kisha anakata ncha, anatoboa njia ya kumiminia kwa waya wa moto na kuitilia kizibo kidogo cha mbele, anachonga kizibo cha nyuma kwa mti wa mninga, kikubwa kidogo kuliko tundu lenyewe. Pembe inarudishwa kwenye maji ya moto mpaka ilainike, kizibo kinasukumwa ndani kwa nguvu ya goti, na pembe ikipoa inakibana yenyewe. Hapo anazungushia misumari midogo ya shaba, kwa sababu msumari wa chuma karibu na baruti ni wazimu, na mwisho anaziba mzunguko wote kwa nta ya nyuki.

Kukwangua ilikuwa kazi yangu tena. Tulikwangua kwa vipande vya chupa, na chupa nilizitafuta kwenye baa. Wenye baa chupa tupu waliziita vide, kwa Kifaransa, nami nikaziita hivyo hivyo. Pembe ya ng'ombe ukiikwangua vizuri inapitisha mwanga, na mwenyewe anaweza kuiinua juani akaona baruti imebaki kiasi gani. Ya mbogo ni nyeusi tii. Unaweza kuikwangua mpaka vidole vitoke damu, haitakuonyesha kilicho ndani.

Pembe mpya tuliipima kwenye beseni la maji. Yeye alipuliza kutoka nchani, mashavu yamemvimba, mimi nainama kutazama kama povu linatoka pembeni mwa kizibo.

"Baba, puliza muzuri," nilikuwa nikimtania. "Padri ataisikia, atakupa kazi ya tarumbeta."

Hakuwa na la kunijibu, maana mdomo ulikuwa kazini. Ndiyo raha ya kumtania mtu anayepuliza.

Zaidi ya pembe mpya, walituletea za kutengeneza. Kuna mdudu mdogo anayetoboa pembe kama anavyotoboa mahindi. Tundu lake tulilijaza kwa kijiti cha pembe na nta. Pembe iliyopasuka ilitobolewa pande zote mbili za ufa ikashonwa kwa waya wa shaba. Iliyolegea kizibo ilihitaji kupashwa moto upande wa nyuma, nta ya zamani iyeyuke, kizibo kitoke, kichongwe kingine. Zote zilizosubiri zamu yake nilizitundika ukutani juu ya jiko, ndani ya moshi, mdudu asizifikie. Hilo hakuniagiza mtu. Ni mimi niliyeanzisha, na nilijivunia.

Sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja: pembe inaletwa tupu. Mwenyewe anaimwaga baruti yake kabla ya kuingia cité, kwa sababu baruti ilikatazwa kulala ndani ya cité, na sisi hatukuwa na kibali chochote ila kile cha kuishi pale. Kila mteja aliulizwa na mume wangu swali moja, hata akiwa mteja wa miaka mingi: "Mule haina kintu?" Mteja anajibu mwenyewe, kwa kinywa chake. Ndipo mume wangu anaipokea.

Nasema mume wangu kwa sababu wawindaji hawakupenda pembe ipite mkononi mwa mwanamke. Walisema inaharibu shabaha. Hawakujua kwamba pembe zote walizovaa begani zilikuwa zimepita mikononi mwangu kutoka machinjioni mpaka kwenye mafuta ya mwisho, na mume wangu hakuwaambia, na mimi nilicheka peke yangu jikoni.

Kulikuwa na mwindaji mmoja aliyekuwa kama ndugu. Alitoka upande mmoja na mume wangu, akimwita yaya, kaka mkubwa, na mimi akiniita shemeki. Mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Mke wake alikuwa amekwisha kuhamia mjini kwa dada yake, ng'ambo ya Naviundu, na yeye alikuwa akienda porini na kurudi. Hakuja kwetu mikono mitupu hata siku moja. Mwanangu wa pili nilipomzaa, nyama iliyonirudishia nguvu ilikuwa yake.

Asubuhi moja ya masika, miaka michache baada ya vita kubwa, alikuja akiwa amelowa mpaka kiunoni. Mume wangu alikuwa ametoka.

"Shemeki, yaya iko?"

"Haiko. Alienda kutafuta nta. Leta, mi nitamupa."

Alisita. Pembe yake ilikuwa ya mbogo, ya zamani, kazi ya mume wangu ya miaka ya mwanzo. Hakunipa mkononi. Aliiweka chini kwenye kizingiti, na mimi nikaiokota hapo. Ndivyo alivyofanya mtu mwenye adabu aliyeogopa mwiko bila kutaka kunitukana.

"Nilianguka nayo mu mayi," alisema. "Kizibo ya mbele ilikamata, haitoke. Umwambie yaya atoshe ile ya nyuma, atie nta ya mupya. Mule iko bule."

"Nimesikia," nikamjibu.

Akaondoka kwenda kutafuta wanunuzi wa nyama yake.

Bule kwetu Lubumbashi ni neno la kazi nyingi. Mtoto ukimtuma dukani akakuta unga umekwisha, anarudi anasema bule. Kitu ulichopewa bila kulipa ni cha bule. Mume mlevi ni muntu wa bule. Na kitu kilichoharibika, kisichofaa tena, nacho ni bule. Mwindaji alikuwa akiniambia kwamba baruti yake imelowa, imekufa, haifai, lakini imo. Alijua mume wangu akiambiwa hivyo atailoweka majini zaidi kwanza, kisha ataifungua. Mimi nilisikia kwamba pembe ni tupu, ndani hamna kitu. Kama ningemuuliza neno moja tu, angenifafanulia pale pale kizingitini. Lakini mimi nilikuwa mke wa fundi, nilijiona najua.

Nikaitundika pembe juu ya jiko pamoja na zingine.

Ilikaa hapo siku kumi na kitu. Mume wangu alikuwa na kazi za watu waliotangulia, na mwindaji alikuwa amekwenda kwao kwa mazishi, hakuwa na haraka. Nilipika chini yake kila siku. Niliwasha moto asubuhi, nikawasha jioni, na baruti iliyokuwa tope ikakauka polepole ndani ya ule weusi, ikashikana ikawa donge moja, kama sukari iliyolowa halafu ikakaukia kwenye kopo.

Siku ilipofika zamu yake, mume wangu aliishusha mwenyewe. Ilikuwa saa nne za asubuhi, jua limetoka baada ya mvua. Mimi nilikuwa mlangoni nachekecha unga. Watoto walikuwa kwa jirani, na hilo ni jambo moja ninalomshukuru mke wa fundi cherehani mpaka leo.

"Ule alisema nini?" akaniuliza.

"Alianguka mu mayi. Kizibo ya mbele haitoke. Utoshe ya nyuma. Alisema mule iko bule."

Akaitikisa sikioni. Donge halikusema kitu. Akaipima mkononi, lakini pembe ya mbogo ni nzito hata ikiwa tupu. Akaniuliza lile swali lake.

"Haina kintu?"

"Haina," nikasema.

Neno hilo mwindaji hakulisema. Ni langu. Nililitoa bila kuinua macho kwenye chekeche, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa kazini.

Akaketi mbele ya makaa, akaiinamisha pembe, upande wa nyuma juu ya moto, uso wake karibu ili aone nta inavyolainika. Nilisikia nta ikidondoka na kuungua. Halafu ukatokea mlio. Haukuwa mkubwa kama nilivyofikiri mlio wa kitu kama hicho ungekuwa. Nilipogeuka moshi mweupe ulikuwa umejaa nyumba na yeye alikuwa amekaa vile vile kwenye kigoda, mikono mbele, kama mtu anayengoja apewe kitu.

"Mama," akasema, "juu ya nini umezimisha moto?"

Moto ulikuwa unawaka mbele yake.

Misumari ya shaba niliyomsaidia kuihesabu siku alipoitengeneza pembe ile iliingia usoni mwake na vipande vya mninga na vya pembe. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikuwapo. Nilimfunga kwa kitenge changu nikapiga kelele, na majirani wote waliokuwa wakisema tunanuka wakaja, wakambeba mpaka hospitali ya watu weusi. Sitawasema vibaya kwa siku hiyo. Masista walimsafisha siku tatu. Siku ya nne sista mzee alinishika bega akaniambia nisingoje macho.

Polisi walikuja wakati yeye bado amefungwa bandeji. Baruti imelipuka ndani ya cité. Lazima awepo mtu aliyeileta na mtu atakayejibu. Mwindaji hakukimbia. Aliposikia, alirudi mjini mbio, akaja hospitali, akakaa chini karibu na kitanda cha mume wangu akilia bila kujificha. Mume wangu aliposikia sauti yake aligeuza uso ukutani.

"Ulisema haina kintu," alimwambia. "Bibi yangu aliniambia."

Mwindaji alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa anajaribu kukumbuka maneno yake mwenyewe, nami niliona anayakumbuka, na nikaelewa pale pale, nikiwa nimeshika bakuli la uji, nilichokuwa nimefanya. Kabla hajafungua kinywa, polisi wawili waliokuwa wakimngoja mlangoni walimchukua.

Sasa nieleze hesabu niliyoifanya kichwani kwa wiki mbili zilizofuata, maana ndiyo hesabu mbaya kuliko zote za maisha yangu. Kama mwindaji alituambia pembe ni tupu, basi yeye ndiye aliyeingiza baruti mjini kwa uongo, na ndiye aliyempofusha mwenzake. Kama alituambia baruti imo lakini imeharibika, basi sisi ndio tuliolaza baruti ndani ya cité tukijua, tena juu ya moto. Watu waliofukuzwa cité kwa makosa madogo kuliko hilo niliwafahamu. Ningerudi kaskazini na kipofu na watoto wawili, kwa watu ambao hawakuwa wameniona tangu nilipoolewa. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya kunyamaza, na ni sababu ya kweli. Lakini nisijipake mafuta. Ya pili ndiyo iliyonifunga mdomo: sikutaka mume wangu ajue kwamba aliyemwambia haina ni mimi, si mwindaji. Alikuwa amebakiwa na sauti yangu tu, na nilitaka aendelee kuiamini.

Siku ya kesi waliniita. Mzungu wa tribunali alikaa juu, karani wa kutafsiri alikaa chini yake na karatasi zake. Karani alikuwa kijana wa Kasai, amesoma sana, miwani safi, Kiswahili chake amejifunzia ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kesi nyingi asubuhi hiyo na alitaka kuzimaliza.

Mwindaji alisema alichokuwa nacho cha kusema. Alisema alianguka mtoni, baruti ikafa, na aliniambia. Karani alitafsiri kwa kifupi mno. Mzungu akanielekezea kalamu.

"Alikuambia nini?" karani akaniuliza. "Sema maneno yake sawasawa, mama, usiongeze."

Nikasema, "Alisema, mule iko bule."

Karani hakuinua hata kichwa. "Vide," akamwambia mzungu. Mzungu akaandika.

Kifaransa sikukijua. Lakini neno hilo nililijua. Nililibeba kichwani kila wiki ndani ya kikapu, likilialia kutoka baa moja hadi nyingine. Nilijua kwamba karani amefanya kosa lile lile nililolifanya mimi, na kwamba ningesema tu, bwana karani, sivyo, bule ya huyu baba si ile, mambo yangegeuka pale. Mwindaji hakujua Kifaransa kabisa. Yeye alisikia mimi nimerudia maneno yake yote bila kuacha moja. Akanitazama akainamisha kichwa taratibu, kunishukuru.

Karani akaniuliza kama nina la kuongeza.

"Hapana," nikasema.

Wakamnyang'anya bunduki na kibali, wakamtia buloko kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Alipopitishwa mbele yangu aliniuliza watoto wanaendeleaje.

Mume wangu alirudi nyumbani na fimbo na kimya chake. Nyonga na macho, sasa. Alijifunza kukwangua kwa kupapasa, akawa anatengeneza vitana na vijiko vya pembe kwa vidole alivyobakiwa navyo, na mimi nilivitembeza sokoni. Pembe za baruti hazikuja tena. Nilijaribu kuzitengeneza mwenyewe, na nilijua kazi yote kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, lakini nani angeniletea? Ilikuwa imekwisha kujulikana mpaka Kambove kwamba pembe ile ilipokelewa na mwanamke, na mwiko ukajibu. Watu walisema mkono wangu ndio uliomuua macho. Walisema ujinga, na hawakujua jinsi walivyokaribia ukweli.

Kila siku mume wangu alimlaani mwindaji. Hakufanya hivyo kwa sauti kubwa. Alifanya kazi yake huku akinung'unika, kama wengine wanavyosema rozari. Muongo. Ndugu wa bule. Ugomvi huo mimi ndiye niliyemwekea moyoni, na kila siku niliulisha kwa kunyamaza. Usiku nililala vizuri, na hilo nalisema ili mtu asifikiri kwamba dhamiri ni kitu kinachoamsha watu. Yangu iliningoja mchana, nikiwa na maji kichwani au kikapu mkononi, na ilinijia kwa sura ya yule mtu akiinamisha kichwa kunishukuru.

Mara mbili nilitembea mpaka karibu na gereza Jumapili, siku ya Mungu kama tunavyoiita, saa ambayo wake za wafungwa walisimama kwenye mstari na vyungu vyao. Nilimwona mke wake kwenye mstari, chungu kimefungwa kwa kitambaa. Mara zote mbili niligeuka. Mara ya pili nilijiambia nitarudi wiki inayofuata, na wiki iliyofuata mtoto aliugua, na iliyofuata ile nikapata sababu nyingine. Sababu hazikosekani ukizitafuta.

Katekista ndiye aliyetuletea habari, baada ya misa, pale mlangoni mwa kanisa. Mwindaji alikuwa ameugua kuhara damu ndani ya buloko, na alikuwa amekufa siku mbili zilizopita. Katekista alivua kofia alipokuwa akisema. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akaegemea fimbo yake.

"Basi," akasema. "Mungu amelipa."

Hilo sikuliweza. Nilikuwa nimeyaweza mengine yote, laana za kila siku, maneno ya majirani, lakini kusikia Mungu akitiwa ndani ya uongo wangu, pale mlangoni kwake, hapana. Nilimshika mkono mume wangu nikamrudisha nyumbani bila kusema na mtu, nikamkalisha kwenye kigoda, nikapiga magoti mbele yake mahali palipokuwa na makaa siku ile. Nikamwambia yote. Alichosema mwindaji. Nilichosikia mimi. Karani, na neno lake, na kwamba nililijua.

Sikuweza kusoma kitu usoni mwake. Uso huo ulikuwa umekwisha kuacha kusomeka.

"Nilikuuliza," akasema hatimaye. "Nilikuuliza, haina kintu?"

"Njo vile, baba."

"Na weye ukasema haina."

"Nilisema."

Nilingoja anipige. Kusema kweli nilitamani anipige, tungemaliza. Alinyoosha ule mkono wenye vidole viwili akagusa kichwa changu, akahakikisha niko wapi, kisha akauondoa.

"Wende kwa bibi yake," akasema. "Leo. Usirudie hapa kama haujasema."

Nikaenda kwa miguu mpaka ng'ambo ya Naviundu. Matanga yalikuwa kwa dada ya mjane, nyumba ya chumba kimoja, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka mpaka nje. Mjane alikuwa pembeni, nywele zimenyolewa, kanga nyeusi kifuani. Alinitambua. Nilichuchumaa mbele yake hapo hapo kwenye mlango, kwa sababu ningengoja nafasi nzuri nisingesema, nikamweleza kwa sauti ndogo kila nilichomweleza mume wangu. Wanawake wa karibu walinyamaza, wakasikia. Nilipofika kwenye neno la karani alinizuia kwa mkono.

"Ile tunajua," akasema.

Nikamtazama.

"Mule mu buloko kulikuwa muntu anajua kusoma Kifalanza. Alimusomea karatasi yake. Njo akajua baliandika nini." Alisema pole pole, sauti imekauka kwa kilio cha siku mbili. "Mi nilikasirika. Yeye alikataa. Alisema, shemeki hakusikia vile mukarani alisema. Ule mama haiko vile. Siku atajua, atakuya kusema."

Akavuta kanga yake, akaendelea.

"Kila siku ya Mungu nikimupelekea chakula, kitu ya kwanza alikuwa ananiuliza, shemeki alikuya? Mi namujibia, bado. Anasema, atakuya." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Siku ya Mungu ya mwisho hakuniuliza."

Nyuma yangu kulikuwa na watu wamefika, ndugu wa mume wake kutoka kaskazini, na mizigo yao bado kichwani. Walisimama wakingoja kuingia kumpa pole, na mimi nilikuwa nimeziba mlango. Mjane aliwaona, akanigusa goti.

"Mama, sogea kidogo," akasema, "bantu bapite."

Nikasogea.